Mstari wa Gumba Lako Kwenye Kioo

Baba Tatu,

Nimeukata. Bora nikwambie mwanzoni kabisa, maana unanijua, nikianza kuzunguka sifiki. Ule mstari wa gumba lako kwenye mishono ya tangi la samaki nimeukata wote kwa wembe, kona zote, chini na juu, na sasa haupo tena. Nimekaa kwenye mkeka mbele ya tangi lenyewe, naandika kwenye daftari la zamani la Tatu. Keshokutwa natoka eda. Sikutaka nivuke kizingiti cha nyumba hii na jambo hili bado liko kifuani.

Unakumbuka nilivyokuwa naliita hili tangi? Mke mwenza. Ulikuwa unarudi kutoka kupiga mbizi, nywele zina mchanga, unanukia ziwa, na badala ya kuja jikoni kuniuliza nimeshindaje unakwenda kwanza kupiga magoti mbele ya kioo. Nami nasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, "Leo zamu ya mwenzangu, mimi sina changu." Ulikuwa unacheka hadi unashika ubavu. Mtaa mzima wa Buzebazeba walijua nina mke mwenza wa kioo anayelishwa kabla yangu.

Na samaki wenyewe! Tajiri wako alitaka samaki wa mapambo wasio na doa, wa kupakia kwenye mifuko ya maji na kuwapeleka Ulaya. Aliyechanika pezi, aliyepinda mgongo, aliyechongoka mdomo vibaya, alikuwa anasema tupa. Hukutupa hata mmoja. Ulikuwa unawaleta hapa kwenye mfuko, umeuficha ndani ya koti kama mwizi wa kuku, unaniambia, "Hawa wamekataliwa, Mama Tatu, kama baba yako alivyonikataa mimi." Ningefanyaje zaidi ya kucheka? Baba alikukataa mara mbili, kweli, na mara ya tatu akachoka.

Halafu ukafa. Sijui niliandike vipi neno hilo likae vizuri. Uliniambia kichwa kinauma, nikakwambia kunywa maji ulale, nami nikaendelea kuchambua mchele. Presha. Siku mbili tu. Huo mchele naukumbuka kuliko maneno yote uliyoniambia wiki ile, na mpaka leo najichukia kwa hilo.

Siku ya arobaini shangazi yako Mwajuma alikusanya nguo zako zikagawiwa. Ndivyo inavyofanywa, sikubisha. Kanzu ya kijivu amechukua mdogo wako Hamisi, na Ijumaa moja akapita dirishani anakwenda msikitini, nikaona mgongo wako. Yarabi! Nilisimama na sufuria mkononi mpaka akapotea kwenye kona. Simu yako anayo Tatu huko chuoni Dodoma. Mto wako nilikuwa naunusa kila siku, nikaunusa hadi harufu ikaisha, nadhani mimi mwenyewe ndiye niliyeimaliza. Kaburini siendi, nje sitoki, nimekaa ndani na kanga zangu nyeupe na Shangazi anayenihesabia siku.

Basi mwezi wa pili wa eda nikaanza kulifuta tangi, kwa kukosa la kufanya tu. Jua la alasiri lilikuwa linaingia kutoka ubavuni, na hapo ndipo nikaona. Kwenye mshono wa kona, katikati ya ile silikoni uliyoipaka mwenyewe mwaka Tatu alipoanza darasa la kwanza, kuna mstari mwembamba ulioinuka, kama uzi wa kushonea. Nikaufuata kwa macho. Ukashuka, ukapinda chini, ukapanda kona ya pili, ukazunguka tangi zima bila kukatika. Nikajua hapo hapo ni nini. Lile kovu la gumba lako la kulia, pale kamba ya injini ya boti ilipokukata ukabaki na bonde kwenye nyama. Ulipokuwa unalainisha silikoni kwa gumba, bonde lile liliacha mstari. Nakumbuka nilikugombeza utumie kitambaa, ukalamba kidole mbele yangu makusudi na kusema, "Kidole ndicho kinachojua."

Nikakunja mkono wa gauni, nikaingiza mkono majini, nikaugusa. Baba Tatu, ulikuwa wewe. Nguo zimekwenda, harufu imekwisha, lakini pale ulikuwa umepita na mkono wako na hakuna aliyekuwa amekufuta. Toka siku hiyo kila nikishaswali adhuhuri nakwenda kwenye tangi, naweka kidole kwenye kona ya mlango, nauzungukia mstari wako taratibu mpaka ninaporudi pale pale. Yule samaki wako mwenye jicho moja, Chongo, alishanizoea, alikuwa ananidonoa kiwiko. Shangazi alidhani nasafisha kioo, akanisifu kwa usafi.

Mwezi wa tatu tangi likaanza kuvuja.

Nilikanyaga mkeka asubuhi ukanilowesha soksi. Kona ya chini, ile ya ukutani, silikoni ilikuwa imeachia kioo, maji yanatoka kidogo kidogo lakini hayachoki. Nikawahamisha samaki wote saba kwenye lile beseni jipya la msibani, kwa sababu ulikuwa unanifokea kwamba chombo kilichowahi kuonja sabuni kisiguse samaki wako. Pampu ya hewa nikaitumbukiza humo. Kisha nikamwita Hamisi, akasimama barazani kama inavyopasa, nikamwambia kupitia pazia akaninunulie silikoni.

"Ipi, shemeji?"

Sasa hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile ulikuwa unanieleza na mimi nilikuwa nasikia nusu. Nilichokumbuka ni kimoja tu, ulivyokuwa unasema, "Isiyonuka siki usiniletee." Nikamwambia Hamisi inayonuka siki. Masikini wa Mungu, alikwenda hadi Gungu, akapita duka kwa duka la vifaa vya ujenzi akiomba kunusa midomo ya mirija iliyofunguliwa, mpaka muuzaji mmoja akamuuliza kama anataka kujenga au anataka kuungia kachumbari. Akarudi na mrija mweupe. Nikaunusa, siki kabisa. Shangazi naye akaunusa, akakunja uso, akasema mwenye eda hakai na manukato. Haki ya nani, nilicheka mara ya kwanza tangu uondoke. Nikamwambia, "Shangazi, siki si marashi, kwani mimi nakwenda harusini na harufu ya achari?"

Nikampigia mrija picha nikamtumia Tatu, maana maandishi ni ya Kizungu. Akanijibu kwa sauti, "Mama, hiyo ni ya bafuni. Wameandika kwamba ina dawa ya kuua ukungu. Usiitumie." Nami, unanijua, nikambishia. Samaki si ukungu, nikasema, na harufu ni ile ile aliyoisema baba yako. Huyu mtoto ana subira yako. Akasema tu, "Mama, ifanyie kipimo cha baba."

Konokono! Nilikuwa nimewasahau kabisa. Kila ulipopata silikoni usiyoijua ulikuwa unaipaka kwenye kipande cha kioo, unaiacha ikauke, unakizamisha kwenye chupa ya maji ya ziwa pamoja na konokono wawili. Nilikuwa nakutukana nikikuta konokono kwenye rafu ya chumvi. Basi Hamisi akaniletea konokono na dumu la maji, nikafanya hivyo hivyo. Siku ya pili wote wawili walikuwa wamepanda juu ya chupa, wamejibanza kwenye kifuniko, wameyakimbia maji. Wa tatu niliyemwongeza akajifunga ndani ya nyumba yake akagoma kutoka. Nikamwomba Tatu radhi, na wewe pia. Harufu peke yake haitoshi, siku zote ulikuwa unasema na jingine, ni mimi tu sikusubiri umalize.

Ndipo nikamtafuta Bukuru, yule fundi vioo wa Gungu aliyekuuzia vipande vya kulijengea tangi. Alikuja mwenyewe. "Mwakeye, mama," akanisalimia Kiha chake kutoka barazani, halafu nikamsikia anapenga kamasi, nikajua analia, maana mlikuwa mnapendana nyie watu. Shangazi alikaa katikati ya mlango. Bukuru akisema neno Shangazi analirudia kwangu, nikijibu analirudia kwake, na pazia lenyewe ni kanga moja, tunasikiana kama tuko chumba kimoja. Bukuru akaeleza. Iwe silikoni tupu isiyochanganywa. Iwe na harufu ya siki, hiyo ni kweli, lakini isiwe na dawa ya ukungu ya aina yoyote. Ile inayosifiwa kwamba unaweza kupaka rangi juu yake si silikoni, achana nayo. Akapitisha chini ya pazia mrija mmoja wa ile isiyo na rangi, akasema ndiyo uliyokuwa unamwagizia wewe. Nilipouliza kama ana hakika akajibu, "Ego, mama. Na konokono wakikataa nirudishie."

Konokono hawakukataa. Walitembea juu ya silikoni yenyewe, wakashinda humo siku nne wanalamba kioo.

Lakini Bukuru alisema na jambo la mwisho, na Shangazi akalirudia kwa sauti kubwa ili lisinipite. "Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, mama. Inashika kioo tu. Utoe yote, ufute kwa spiriti, ndiyo upake." Nilisikia. Nilisikia mara mbili, ya Bukuru na ya Shangazi. Nikajifanya sijasikia.

Ningewaambia nini? Kwamba mtu mzima mimi, mama wa binti aliye chuoni, nashika silikoni ya mume wangu kila siku baada ya adhuhuri? Wangesema eda imenipanda kichwani. Kwa hiyo nilikata pale palipoachia tu, urefu wa kiganja, nikapaka mpya na kuipitisha juu ya yako pande zote mbili, kwa wasiwasi, kama mtu anayeziba jino bovu la mtoto. Mstari wako ukabaki salama. Nikasubiri siku saba ikauke, nikajaza maji nusu, nikakaa nikiangalia. Siku mbili halikutoa hata tone. Niliringa peke yangu. Nilimwambia Shangazi Bukuru naye hajui kila kitu.

Siku ya tatu nikarudisha samaki. Siku ya nne mkeka ukalowa.

Ile mpya ilikuwa imebanduka juu ya yako kama utando juu ya maziwa. Nikawarudisha samaki kwenye beseni, nje ndani, nje ndani, na siku ile wawili wakafa. Mmoja alikuwa yule aliyepinda mgongo uliyekuwa unamwita Mzee. Nisamehe. Na Chongo alikuwa hali chochote. Namtupia chakula, anakitazama kwa jicho lake moja, hafungui mdomo. Nikasema huyu naye anakufa. Nikainama karibu, nikaona kidevu kimevimba, na ndani ya mdomo kitu kinasogea. Alikuwa na mayai, Baba Tatu. Amewabeba wanawe mdomoni kama ulivyonieleza kwamba ndivyo wanavyolea, wiki nzima na nyingine hawali, wasije wakameza mtoto. Na maji ya beseni yalikuwa yamekwisha kuchafuka, ingawa Hamisi alikuwa analeta dumu kila siku. Ulishaniambia, akitishika sana huwatema kabla hawajakomaa, au huwameza.

Nilikaa hapo hadi adhana ya alasiri. Nilikukasirikia, nikwambie ukweli. Nikakuuliza kwa sauti, ukiona yuko tayari kufa na njaa kwa ajili ya hao, mimi nifanyeje na kidole chako? Siku zote ulikuwa mwepesi wa kuondoka pakiwa na uamuzi.

Nikachukua wembe.

Nilianzia kona ya mlango. Silikoni yako ilikuwa inang'ang'ania kioo, kazi ya fundi haswa, kila inchi nilikuwa naigombea. Kisha ikaanza kutoka, ukanda mrefu mmoja, nikawa nauvuta taratibu usikatike. Nilikuwa nimeshapanga moyoni. Nitauosha, nitaukunja, nitauweka kwenye kikopo cha bangili zangu, niwe nao mpaka nizeeke. Nikautoa mzima hadi kona ya pili. Nikauinua kwenye mwanga kuuona mstari.

Haukuwepo. Ukanda ulikuwa umejikunja, umevutika vibaya, umekwaruzwa na wembe, una utelezi wa kijani. Nikaugeuza, nikaunyoosha, nikaupitisha kidole mara kumi. Mpira tu. Mstari wako ulikuwa unaonekana pale kwenye kioo peke yake, na mimi nilikuwa nimeshautoa.

Nililia, Baba Tatu. Siku ya mazishi sikulia hivi, siku ya mazishi nilikuwa na watu wa kuwapokea. Shangazi akatoka chumbani na tasbihi yake, nikajua nitasemwa, maana tangu mwanzo ananiambia mwenye eda asijiachie. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia yote, kovu, mstari, adhuhuri zangu. Kisha akakaa chini kwa shida, magoti yake unayajua, akanyoosha mkono, akasema, "Nipe wembe na mimi. Vidole hivyo nimevijua kabla yako. Nimeviogesha mimi." Akaanza kukata upande wake. Alikuwa analia bila kutoa sauti na hakuacha kukata. Kumbe miezi yote mitatu alikuwa anahesabu siku zake na yeye.

Tulimaliza kabla ya magharibi. Tukafuta kioo kwa spiriti mpaka kikalia tukikigusa. Kesho yake nikapaka silikoni mpya pande zote, Shangazi akinishikia taa ya simu, nami nikailainisha kwa kidole changu, nimekilamba kama wewe, kitambaa kikae huko. Mshono wangu umepinda, kona ya ukutani una uvimbe. Bukuru akiuona atacheka mpaka Gungu wamsikie. Chumba kilinuka siki siku tatu. Nilipiga hesabu ya siku za Chongo kwa hofu, nikambadilishia maji ya beseni asubuhi na jioni, nikamfunika na kitambaa asione watu. Siku ya saba nikajaza. Siku ya nane, mkeka mkavu. Siku ya kumi, mkavu. Siku ya kumi na moja nikamshusha ndani kwa kikombe, kinywa chake bado kimefumba, nikamwambia Bismillahi mwenzangu, jishikilie.

Jana asubuhi alifungua mdomo. Wametoka tisa. Wadogo kama punje za mtama, lakini macho makubwa, na wote wana macho mawili mawili, nimewahesabu mimi na Shangazi kila mmoja kwa zamu. Wakitishika wanamrudia mdomoni mbio. Nilikugeukia nikwambie. Bado nageuka hivyo, sijajua lini nitaacha.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Sasa nakuaga, mume wangu, maana Shangazi ananiita tupange mambo ya kutoka eda, na kanga nyeupe zitafuliwa zikunjwe. Sikuwa mke mgumu sana, nadhani. Nilikuwa na mdomo. Lakini kuna moja lililonikaa rohoni siku hizi zote. Kila Jumapili ulikuwa unabeba madumu kwenda kuchota maji kule kwenye mawe, mbali na mafuta ya maboti, na kila Jumapili ulisimama mlangoni na kusema, "Twende, Mama Tatu, ukaone wanakotoka." Ulisema utanishikia mkono kwenye mawe, utanivisha ile miwani yako ya majini, niinamishe uso tu, nisiogope. Siku zote nilikuwa na kitu jikoni. Nilikujibu mimi nimezaliwa na ziwa hili, nikaone nini.

Jumapili hii nakwenda. Nimemwambia Hamisi asilete maji, maji ya tangi nitayachota mwenyewe, na kila Jumapili baada ya hiyo maadamu nina miguu. Miwani yako iko, hiyo sikuigawa. Nitainama pale kwenye mawe niangalie ulichotaka nikione, na sitajua ni kipi kati ya vyote, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unionyeshe.

Mkeo,
Mama Tatu